Faili la Word na Majina 112 ya Kigango cha Mvumi



Katika likizo iliyopita sisi mafrateri wawili tulitumwa kufanya utume Mvumi, wilayani Kilosa. Pamoja na kuwafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza na kuwatembelea wagonjwa, tulipewa kazi moja tuliyoiona nyepesi kuliko zote: kuandika kwa kompyuta historia fupi ya kigango. Mzee mmoja, katekista mstaafu, alikuwa na daftari lenye majina ya waamini wa kwanza, siku walizobatizwa, waliotoa kiwanja na waliobeba matofali ya kanisa. Miaka kadhaa iliyopita mvua ilipenya kwenye bati, wino ukasambaa, na kurasa nyingi hazikusomeka tena bila mzee mwenyewe kukaa karibu na kukumbuka. Kwa alasiri nne alikaa nasi chini ya mwembe. Sisi tulisoma kilichosomeka, yeye akatujazia kilichofutika.

Tulipomaliza tulikuwa na majina 112 na picha tisa. Vyote vilikuwa katika faili moja la Word, na faili hilo lilikuwa katika flashi moja tu. Siku iliyofuata mzee alisafiri kwenda Dar es Salaam kutibiwa macho. Nasi tukajiandaa kwenda Dumila kuprinti. Kabla ya kutoka tuliongeza kichwa cha habari, tukabofya kuhifadhi, na kwa kuwa bodaboda alikuwa anapiga honi nje, tukachomoa flashi papo hapo. Tulipofika steshenari faili likakataa kufunguka. Tukajaribu kompyuta ya pili, ikawa yale yale.

Jioni tulimpigia mzee simu, tukamwamkia na kumweleza ukweli. Hakutugombeza. Aliuliza swali moja: "Frateri, hayo majina bado yamo humo, au hayamo?"

Tulinyamaza. Tangu sekondari tumekuwa tukiandika kazi zetu kwa Word, lakini hatukuweza kumjibu, kwa sababu hatukuwahi kujua faili la Word ni kitu gani hasa. Makala haya yanaeleza tulichojifunza baada ya swali lile. Tumeyaandika kwa ajili ya mafrateri wenzetu, makatibu wa parokia, viongozi wa jumuiya na kwaya, na kila mtu anayehifadhi kumbukumbu za wengine kwenye kompyuta.

Faili si ukurasa, ni furushi

Tunapofungua faili la Word tunaona ukurasa mweupe wenye maandishi. Ni rahisi kudhani kwamba ndani ya flashi kuna ukurasa kama huo, kama picha iliyowekwa kwenye bahasha. Sivyo. Faili ambalo jina lake linaishia na docx ni furushi lenye mafaili mengine madogo ndani yake, yamebanwa na kufungwa pamoja kwa njia iitwayo zipu.

Unaweza kuona mwenyewe. Chukua nakala ya faili lako, si faili lenyewe. Badilisha mwisho wa jina lake kutoka docx kuwa zip, kisha lifungue. Kama huoni herufi hizo za mwisho, iamuru kompyuta ionyeshe miisho ya majina ya mafaili. Ndani utakuta folda na mafaili kadhaa. Kuna folda iitwayo word, na humo faili liitwalo document.xml. Hilo ndilo lenye maneno yako. Kuna styles.xml, linaloeleza mitindo: kichwa cha habari kiwe kikubwa kiasi gani, aya ziachane kwa nafasi gani. Kuna folda ya media, yenye picha. Kama uliandika tanbihi chini ya ukurasa, zina faili lake. Na kando kuna folda ya docProps, yenye jina la mwandishi na tarehe.

Ukifungua document.xml kwa programu nyepesi kama Notepad, utaona maneno yako yamechanganyika na alama nyingi. Alama w:p huonyesha aya inaanza wapi na kuishia wapi. Alama w:r hushika kipande cha maandishi chenye sura moja, na ndani yake w:t hushika herufi zenyewe. Lakini herufi ni zile zile ulizoandika, na mtu anaweza kuzisoma kwa macho yake bila Word.

Kuhusu kubana, wazo lake ni jepesi. Maandishi hujirudia sana. Zipu huandika kipande kinachojirudia mara moja, kisha mahali pengine huweka rejeo fupi linalosema, "rudi nyuma kiasi hiki, chukua herufi kadhaa." Ndiyo maana kitabu kizima kisicho na picha kinaweza kuwa na uzito mdogo kuliko picha moja ya simu.

Jinsi majina yalivyopatikana

Jambo lililotuokoa ni hili: furushi la zipu lina orodha ya yaliyomo, na orodha hiyo huandikwa mwishoni kabisa mwa faili. Programu inapofungua furushi huitazama kwanza orodha hiyo ili ijue kila kitu kiko wapi. Tulipochomoa flashi mapema, kompyuta ilikuwa haijamaliza kuandika. Mwisho wa faili ulikosekana, na orodha ikakosekana nao. Word ilikuwa kama mgeni anayefika maktaba na kukuta katalogi haipo, naye akahitimisha kwamba hakuna vitabu.

Lakini vitabu vilikuwepo. Kabla ya kila faili dogo ndani ya furushi kuna utambulisho mfupi wenye jina lake. Kwa hiyo hata orodha ya mwisho ikipotea, mtu anaweza kupita tangu mwanzo na kuokota kimoja kimoja. Programu ya bure iitwayo 7-Zip iliweza kufanya hivyo. Ilituonya kwamba furushi limekatika, lakini ikatutolea vilivyosalimika. Na kwa kawaida Word huweka document.xml karibu na mwanzo wa furushi, picha na mitindo hufuata baadaye. Hivyo tulipoteza picha zote tisa, tukapoteza na mpangilio. Document.xml ilitoka nzima.

Ilikuwa mstari mmoja mrefu usio na mwisho, alama na majina yamechanganyika kama mchele na mchanga. Tulikaa usiku mbili tukiyachambua. Majina mengine yalikuwa yamekatwa vipande viwili au vitatu, katikati yake kuna alama. Baadaye tulielewa sababu: Word huweka namba za kutambulisha vipindi vya uhariri, na jina tulilorudi kulisahihisha siku nyingine lilibeba alama za siku mbili. Tulipohesabu yalitimia 112.

Tukampigia tena mzee. "Yamo," tukamwambia. Picha tulizipiga upya.

Kiini na sifa za nje

Wanafunzi wa falsafa mtaturuhusu kidogo hapa. Darasani tunafundishwa na Aristotle kutofautisha kile kinachokifanya kitu kiwe kilivyo na zile sifa zinazoweza kubadilika bila kitu chenyewe kubadilika. Mtu akinenepa au akikonda, ni yule yule. Tulipoona faili letu limefunguliwa tumbo, tofauti hiyo ilitujia wazi. Maneno yako mahali pake, mwonekano mahali pake. Aina ya mwandiko, ukubwa wake, rangi na nafasi za pembeni ni sifa za nje. Orodha ya waamini wa kwanza iliyopoteza herufi nzito na mistari ya mapambo bado ni orodha ya waamini wa kwanza. Orodha iliyopoteza jina moja si ile tena.

Mlinganisho huu una mipaka yake, na walimu wetu watatusahihisha. Lakini una matumizi. Wengi wetu tunapopokea faili tunahangaikia kwanza sura: kichwa kikae katikati, herufi zipambwe. Tunatumia saa nzima kwenye pambo na dakika moja kwenye uhifadhi. Sisi wenyewe tulipoteza faili kwa ajili ya kichwa cha habari.

Kwa nini ukurasa hubadilika sura

Tofauti hii ya maneno na sura inaeleza pia kero ambayo kila mwanakwaya anaijua. Mmepanga karatasi ya nyimbo za Misa ikakaa vizuri kwenye kurasa mbili. Mnaipeleka kuprinti, inatoka kurasa tatu, ubeti wa mwisho umebaki peke yake.

Sababu ni kwamba kwa kawaida faili la Word halibebi mwandiko wenyewe, hubeba jina la mwandiko tu. Linaiambia kompyuta, "andika kwa Calibri." Kama kompyuta hiyo haina Calibri, inachukua mwandiko mwingine unaofanana. Herufi zikiwa pana kidogo tu, maneno machache yanasukumwa mstari wa chini, mistari inasukumwa ukurasa wa pili, na mambo yote yanahama. Hakuna aliyeharibu kitu. Faili la Word ni maagizo ya kupanga ukurasa, na kila kompyuta inayatimiza kwa vifaa ilivyonavyo.

Kwa kazi ambayo sura yake haitakiwi kubadilika, tumia PDF. PDF huweka kila herufi mahali pake, na kwa kawaida hubeba miandiko inayohitaji. Lakini PDF ni ngumu kusahihisha. Kwa hiyo tunashauri hivi: faili la Word likae kwako kwa marekebisho, PDF ndiyo iende kuprintiwa.

Kero nyingine ni ile mistari myekundu chini ya kila neno la Kiswahili. Ndani ya faili, maandishi hubeba pia alama ya lugha. Kama alama inasema Kiingereza cha Marekani, Word inapima "Ekaristi" na "kigango" kwa kamusi ya Kiingereza na kuona makosa. Chagua maandishi, kisha weka lugha kuwa Kiswahili. Ukichungulia ndani ya faili utakuta imeandikwa sw-KE. KE ni Kenya, hata kama unaandikia Mvumi.

Doc, docx na odt

Si kila faili la Word ni furushi la aina hii. Kwa miaka mingi Word ilihifadhi kazi katika muundo wa zamani unaoishia na doc. Huo haukuwa maandishi ya kusomeka kwa macho. Ulikuwa mfululizo wa namba ambao programu ya kampuni yenyewe ndiyo iliyouelewa vizuri, na mwaka 2008 Microsoft ilitoa maelezo yake wazi kwa umma. Muundo wa docx ulikuja na Word ya mwaka 2007. Maelezo yake yalipitishwa kuwa kiwango na shirika la Ecma mwezi Desemba 2006, yakiwa na kurasa zipatazo 6,000, na mwaka 2008 yakawa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 29500.

Upo pia muundo wa odt, unaotumiwa na programu za bure kama LibreOffice. Huo nao ni furushi la zipu lenye maandishi ndani, na ulitangulia kuwa kiwango cha kimataifa, mwaka 2006. Watanzania tuna sehemu katika historia ya programu hizi. Mwaka 2004, mradi uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, ambayo mtu angeweza kuipata bila kulipia. Walioifanya kazi hiyo walilazimika kutafuta neno la Kiswahili kwa kila kitufe na kila onyo.

Kwa nini haya yamhusu katibu wa kigango? Kwa sababu muundo ambao maelezo yake yako wazi unaweza kusomwa na programu ya mtu yeyote, hata kampuni iliyouanzisha ikifunga milango. Kumbukumbu za Kanisa zinakusudiwa kukaa muda mrefu kuliko programu yoyote. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, na kitabu kilichoandikwa kwa wino enzi hizo hakihitaji programu, kinahitaji macho tu. Je, waliobatizwa mwaka huu watasomeka mwaka 2150? Kama una mafaili ya zamani ya doc, yafungue sasa yakiwa bado yanafunguka, uyahifadhi upya kama docx au odt.

Yaliyomo lakini hayaonekani

Furushi likiwa na vyumba vingi, mtu anaweza kusahau kitu ndani. Hili tunalieleza kwa uzito, hasa kwa wanaoandika barua za kichungaji.

Kwanza, folda ya docProps hutaja aliyeanzisha faili, aliyelihifadhi mara ya mwisho, na siku na saa. Ukichukua barua ya mwaka jana ukafuta maneno na kuandika mapya juu yake, jina la mwandishi wa kwanza linaweza kubaki. Pili, kama ulisahihisha huku umewasha ufuatiliaji wa mabadiliko, maneno uliyoyafuta hayajaondoka. Yamewekewa tu alama kwamba yamefutwa, na anayepokea faili anaweza kuyarudisha. Tatu, maoni ya pembeni yana faili lake ndani ya furushi, na yanasafiri pamoja na barua.

Fikiria barua ya kumwombea mwamini msaada, ambayo rasimu yake ya kwanza ilieleza ugonjwa wake au shida ya ndoa yake. Umefuta sehemu hiyo kwa busara, lakini busara yako imeishia kwenye kioo cha kompyuta. Kabla ya kutuma faili la namna hiyo, kubali mabadiliko yote, futa maoni, na tumia sehemu ya Word inayokagua waraka kabla ya kuushiriki. Au andika barua upya kwenye faili jipya, uitume kama PDF. Siri za watu tumekabidhiwa, na uzembe wa kompyuta hautatuondolea wajibu.

Tufanye nini

Kutokana na yaliyotupata, tunapendekeza mambo machache yasiyohitaji fedha nyingi.

Usifanyie kazi kwenye flashi. Andika kwenye kompyuta, kisha nakili kwenye flashi ukimaliza. Flashi ni chombo cha kusafirishia.

Kabla ya kuchomoa flashi, iamuru kompyuta iitoe salama na usubiri ikuruhusu. Bodaboda atasubiri dakika moja.

Weka nakala zaidi ya moja, mahali tofauti: kwenye kompyuta, kwenye flashi, na kwenye barua pepe yako mwenyewe. Nakala mbili ndani ya mkoba mmoja huibiwa pamoja.

Faili likikataa kufunguka, usilihifadhi juu yake na usiendelee kuitumia flashi hiyo. Linakili kwanza. Kisha jaribu kulifungua ndani ya Word kwa njia ya kufungua na kukarabati. Ikishindikana, fanya kama tulivyofanya sisi. Lakini tusidanganyane: kama document.xml yenyewe imekatika, kilichokatika hakirudi.

Mwisho, printi. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, inaagiza kila parokia iwe na vitabu vyake vya ubatizo, ndoa na wafu, na vile vya zamani vitunzwe kwa uangalifu. Kompyuta inasaidia kutafuta na kunakili. Haijaondoa daftari.

Mzee aliporudi kutoka Dar es Salaam, jicho moja likiwa bado limefunikwa, tulimpelekea nakala tatu zilizoprintiwa kwa herufi kubwa. Tulimwamkia, akatukalisha, akaanza kusoma kwa kidole, jina baada ya jina. Alipofika ukurasa wa pili akasimama. "Frateri, huyu mmemwandika Monika. Ni Veronika. Ndiye aliyetupikia siku ya kupaua kanisa."

Tulirudi kutazama document.xml. Ilikuwa imeandikwa Monika, safi kabisa, bila herufi kukosekana. Faili lilikuwa limetunza kwa uaminifu kosa letu. Tukalirekebisha palepale kwa kalamu kwenye nakala zote tatu, kisha kwenye kompyuta, kisha kwenye flashi. Tukaitoa salama.

Ndugu msomaji, kama kwenye kigango chako yuko mzee ambaye bado anayakumbuka majina, nenda ukae naye wiki hii. Andika, nakili, printi, kisha mrudishie akusomee.